Jirani, Mumiani na Maji ya Buterere: Uhakiki wa Utisho wenye Dhamira ya Kijamii katika Tamthilia ya Televisheni

Ikisiri

Makala haya yanahakiki misingi ya utunzi wa mfululizo wa televisheni wenye visa huru vya kutisha na dhamira ya kijamii. Swali linaloongoza ni hili: mfululizo wa aina hiyo ungehitaji sifa gani iwapo ungetungwa kwa Kiswahili kuhusu mahali kama Buterere, kaskazini mwa jiji la Bujumbura? Kazi tatu zinasomwa kwa kulinganishwa: mfululizo wa The Twilight Zone wa Marekani (1959–1964), filamu ya Primeval (2007) iliyoitumia Burundi kama mandhari ya utisho, na mchezo wa redio wa Kirundi Umubanyi Niwe Muryango, ulioanza mwaka 1997. Hoja kuu ni kwamba thamani ya kijamii ya utisho haipimwi kwa ukali wa suala linaloguswa, bali kwa mtu ambaye kisa kinamwacha mikononi mwa umati. Makala yanaonyesha pia kwamba katika mazingira ya Kirundi na Kiswahili, uamuzi huo hufanyika mara nyingi katika ngazi ya neno moja, hasa pale uburozi unapotafsiriwa kuwa sumu au uchawi.

1.0 Utangulizi

Buterere iko kwenye uwanda wa Imbo, karibu na uwanja wa ndege wa kimataifa wenye jina la Melchior Ndadaye. Hadi mageuzi ya kiutawala ya mwaka 2014 ilikuwa mojawapo ya tarafa 13 za jiji la Bujumbura. Baada ya hapo iliingizwa katika tarafa ya Ntahangwa pamoja na Kamenge, Kinama, Cibitoke, Ngagara na Gihosha. Ni huko ambako taka za jiji zimekuwa zikimwagwa, na ni huko pia yalikojengwa mabwawa ya kusafishia maji machafu. Wapo watu wazima na watoto ambao wamejipatia riziki kwa kuchokoa jalala hilo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014 mvua kubwa ilileta mafuriko katika maeneo ya kaskazini mwa jiji, Buterere ikiwamo, na watu zaidi ya 50 walipoteza maisha.

Mahali pa namna hiyo humvuta mtunzi wa visa vya kutisha bila yeye kutafuta sana: giza, moshi wa taka, maji yasiyoonekana yanakotoka wala yanakokwenda. Lakini mvuto huo una hatari. Wakazi wa Buterere wanaweza kufanywa sehemu ya uozo unaowazunguka, hata mtazamaji wa mtaa wenye bomba safi akalala akiwa ameogopa watu badala ya kuogopa mpangilio uliowaweka karibu na taka za wenzao. Swali la makala haya linatokana na hatari hiyo. Utisho unaojiita wa kijamii hufanya kazi gani hasa, na unaweza kufanya madhara gani pale unapokosea?

Neno "visa huru" linatumika hapa kwa maana ya mfululizo ambao kila sehemu yake ina wahusika wake, mandhari yake na mwisho wake, huku sehemu zote zikiunganishwa na dhamira na sauti moja. Umbo hilo ni tofauti na tamthilia ndefu ya familia, ambayo watazamaji wa Afrika Mashariki wameizoea zaidi.

2.0 Kinyago cha Serling na gharama yake

Mfano unaorejelewa zaidi wa umbo hili ni The Twilight Zone, uliorushwa na kituo cha CBS kuanzia tarehe 2 Oktoba 1959 hadi mwaka 1964, ukiwa na sehemu 156. Mwanzilishi wake, Rod Serling, hakuanza na mizuka. Alikuwa mwandishi wa tamthilia za kiuhalisia. Baada ya mauaji ya kijana Mweusi Emmett Till huko Mississippi mwaka 1955, Serling aliandika tamthilia iliyochochewa na tukio hilo. Ilipoonyeshwa mwaka 1956 kwa jina la Noon on Doomsday, ilikuwa imebadilishwa mno kwa hofu ya kuwaudhi wafadhili na watazamaji wa Kusini: mandhari yalihamishiwa New England, na kila dalili ya Kusini iliondolewa. Jaribio lake la pili, A Town Has Turned to Dust la mwaka 1958, lilipata misukosuko ya namna hiyohiyo. Alipohamia kwenye njozi na utisho, Serling alikuwa akitafuta njia ya kusema yaliyokatazwa kusemwa kwa uwazi.

Sehemu ya mfululizo wake inayohusu zaidi mjadala huu ni The Monsters Are Due on Maple Street, iliyorushwa mwezi Machi 1960. Mwanga unapita angani, umeme unakatika, magari hayawaki. Mtoto mmoja anasimulia alichosoma katika hadithi: wavamizi hutanguliza familia moja inayofanana na binadamu wengine. Kuanzia hapo majirani wanachunguzana. Asiyelala usiku anashukiwa. Ambaye gari lake limewaka lenyewe anashukiwa. Na jirani anayerudi gizani anapigwa risasi kabla hajatambuliwa. Mwishoni mtazamaji anaonyeshwa wavamizi kweli, wakiwa kilimani, wakiwasha na kuzima umeme. Hawakuhitaji kufanya zaidi ya hapo.

Ubora wa kisa hiki uko katika mpangilio wa maarifa. Mtazamaji anapewa hofu ileile waliyo nayo wahusika, anashawishika kumshuku huyu na yule, kisha anaonyeshwa kwamba kushuku huko ndiko kulikoua. Kwa hiyo lawama inamfikia yeye mwenyewe, na inapanda pia hadi kwa wanaoshika swichi. Hata hivyo, kinyago hicho kilikuwa na gharama. Kilichoanza kama kilio juu ya kijana Mweusi aliyeuawa kwa sababu ya rangi yake kiliishia kuwa fumbo la mtaa wa Wazungu watupu. Aliyeuawa Mississippi alitoweka ndani ya fumbo. Toleo jipya la mfululizo huo lililohusishwa na Jordan Peele, la mwaka 2019 na 2020, linaweza kusomwa kama jaribio la kulipa deni hilo. Katika kisa cha Replay, mama Mweusi anayempeleka mwanawe chuoni ana kamera ya zamani inayorudisha wakati nyuma, lakini kila njia anayojaribu inakutana na polisi yuleyule. Hapo utisho una jina na una mwili.

Funzo kwa mtunzi wa Bujumbura lina pande mbili. Mwezi Mei 2015, wakati wa jaribio la mapinduzi lililoshindwa, vituo kadhaa vya redio binafsi vilishambuliwa na kunyamazishwa. Mtunzi anayefanya kazi baada ya hapo anajua thamani ya fumbo. Lakini fumbo linapaswa kumfunika anayesema, lisimfunike aliyedhulumiwa. Kisa kinaweza kuacha kutaja ofisi. Kikiacha kutaja maji, jalala na lugha ya wakazi, hakiwahusu tena.

3.0 Primeval: utisho usio na wenyeji

Burundi imewahi kuwa mandhari ya filamu ya kutisha ya Hollywood. Primeval, iliyoongozwa na Michael Katleman na kutolewa Januari 2007, inahusu waandishi wa habari wa Marekani wanaokwenda Burundi kumnasa mamba mla watu. Msingi wake ni wa kweli: Gustave, mamba mkubwa wa Mto Rusizi na Ziwa Tanganyika, aliyepewa jina hilo na Patrice Faye, Mfaransa aliyeishi Burundi, na ambaye jaribio la kumnasa lilitengenezewa filamu ya hali halisi mwaka 2004. Primeval yenyewe ilipigwa picha Afrika Kusini. Matangazo yake yalimnadi muuaji wa mfululizo bila kuonyesha wazi kwamba ni mamba.

Filamu hiyo haikosi dhamira kabisa. Kuna mbabe wa kivita anayejiita Gustave Mdogo, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vinawekwa sambamba na mnyama. Simulizi zinazomzunguka Gustave, kwamba alizoea nyama ya binadamu kwa sababu ya maiti zilizotupwa mtoni wakati wa vita, zingeweza kuzaa utisho wa kijamii wa hali ya juu: jamii inakutana na kiumbe iliyemlisha yenyewe. Lakini Primeval inaacha nafasi hiyo ipite. Wenye historia, majonzi na uamuzi ni wageni. Warundi ni waongoza njia, wauaji au miili inayoelea. Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, uliofanya vita hivyo kuwa jambo la kujadiliwa na kumalizwa na watu, hauna mahali katika dunia ambamo vita ni tabia ya nchi kama vile meno ni tabia ya mamba.

Kasoro hii ni ya kimuundo. Filamu iliyotoka miezi michache kabla Burundi haijaingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, tarehe 1 Julai 2007, iliwapa watazamaji wa nje taswira ya nchi isiyo na mitaa. Hakuna jirani ndani ya Primeval. Kwa kuwa hakuna jirani, hakuna pia swali la nani alimtendea nani nini. Kuna mtoni na kuna mdomoni mwa mamba.

4.0 Hofu ya pembeni na hofu ya juu

Kinyume chake, tamthilia yenye athari kubwa katika historia ya hivi karibuni ya Burundi ilimweka jirani katikati. Umubanyi Niwe Muryango, yaani jirani ndiye ndugu, ilitungwa na Marie-Louise Sibazuri na kurushwa na Studio Ijambo kuanzia mwaka 1997, vita vikiendelea. Mamia ya sehemu zake yalifuata familia mbili za majirani, moja ya Wahutu na nyingine ya Watutsi. Haikuwa kazi ya kutisha. Lakini ilijibu swali lilelile la Maple Street kutoka upande wa pili: umeme ukizimika, jirani anabaki kuwa nani?

Katika utamaduni wa Kiswahili kuna mapokeo mawili ya hofu yanayosaidia kulijibu swali hilo. La kwanza ni la mchawi. Hofu hii huelekea pembeni: kwa mke mwenza, mama mkwe, bibi kizee, jirani aliyefanikiwa ghafla. Filamu nyingi za Tanzania za miaka ya 2000 zilizohusu uchawi zilijikita humo. Hata kazi za Mussa Banzi kama Nsyuka na Shumileta, zilizothubutu kujenga utisho wa Kiswahili kwa bajeti ndogo na kupata watazamaji wengi, zinaufanya utisho kuwa jambo la nyumba na mahusiano ya watu wa karibu.

La pili ni la mumiani. Katika kitabu chake cha mwaka 2000, mwanahistoria Luise White alichunguza uvumi wa wanyonya damu wa enzi ya ukoloni: mumiani wa pwani, wazimamoto wa Kenya na Uganda, banyama wa Rhodesia ya Kaskazini, batumbula wa Kongo. Hoja yake ni kwamba uvumi huo usomwe kama lugha ambayo watu waliitumia kueleza mamlaka yaliyochukua nguvu zao. Mumiani haishi kibandani. Ana gari, sare, sindano na ofisi. Hofu hii huelekea juu. Riwaya ya Kiswahili imewahi kuutumia mwelekeo huo kwa ustadi: katika Babu Alipofufuka (2001), Said Ahmed Mohamed anamrudisha mfu duniani ili amkabili mjukuu aliyenufaika na mfumo uliooza.

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba mtunzi mwenye dhamira aache uchawi na achukue mumiani. Matukio hayaruhusu wepesi huo. Mwaka 2017 uvumi wa wanyonya damu kusini mwa Malawi ulisababisha umati kuua watu, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa baadhi ya wafanyakazi wake katika wilaya zilizohusika. Hofu iliyolenga juu iliangukia wapita njia. Upande wa uchawi, mwaka 2008 watu wenye ualbino waliuawa mashariki mwa Burundi kwa ajili ya viungo vyao, na mwaka 2009 mahakama ya Ruyigi iliwatia hatiani baadhi ya wahusika. Imani ya nguvu za viungo haikubaki hadithini.

Kwa hiyo kigezo hakiwezi kuwa aina ya zimwi. Kigezo ni njia ambayo kisa kinaipitisha lawama, na mtu anayebaki mikononi mwa umati pazia linapofungwa. Kisa cha mchawi kinaweza kuwa cha haki iwapo mtazamaji ataongozwa kuona jinsi mtu anavyofanywa mchawi. Kisa cha mumiani kinaweza kuwa cha hatari iwapo dereva wa gari la wagonjwa atageuzwa kuwa uso wa mamlaka yote.

5.0 Neno moja, washtakiwa wawili

Kigezo hicho kinajaribiwa vizuri zaidi kwa mfano. Chukuliwe kisa cha kubuni: katika ua mmoja wa Buterere watoto wanaugua mmoja baada ya mwingine baada ya mvua. Nyanya mmoja, mjane, ndiye huchota maji alfajiri kabla ya wengine. Mama wa mtoto wa tatu anasema kwa Kirundi kwamba kuna uburozi.

Kirundi kinatumia mzizi mmoja kwa mambo ambayo Kiswahili sanifu hutenganisha. Umurozi ni mchawi na ni mtia sumu pia. Kuroga ni kudhuru kwa njia ya siri, iwe kwa dawa inayoweza kupimwa au kwa nguvu isiyopimika. Kiswahili kina kuroga, ambacho ni tendo la mchawi, na kina sumu, ambayo inaweza kuwa ya nyoka, ya kiwanda au ya maji machafu. Mtafsiri wa maandishi ya chini ya skrini hawezi kukwepa. Akiandika "kuna uchawi", macho ya mtazamaji yanakwenda kwa mjane. Akiandika "kuna sumu", yanakwenda kwenye maji. Katika Kirundi sentensi ya mama ilibeba yote mawili, na ndani ya utata huo ndimo kisa kilimoishi.

Mtunzi asiyejali ataandika "uchawi" kwa sababu neno hilo linauzika. Mwenye dhamira nyepesi ataandika "sumu" na kuua kisa mapema, kwa kuwa mtazamaji atakuwa amepewa jibu kabla ya kuogopa. Njia ngumu zaidi, na iliyo bora, ni kuliacha neno la Kirundi lisikike na libaki kwenye maandishi, kisha kuwaacha wahusika wanaozungumza Kiswahili walibishanie: mmoja alichukue kama sumu, mwingine kama uchawi, na umati uchague. Mtazamaji akiwa amechagua pamoja nao, mtoto wa nne augue baada ya mjane kufukuzwa. Maji hayajahama. Hapo utisho unatimia bila hotuba yoyote, na lawama inaanza safari ya kupanda mto hadi yanakotoka maji.

Suala la pili la lugha ni nani anazungumza nini. Kiswahili cha Bujumbura kina mizizi mirefu Buyenzi na mitaa mingine ya biashara, lakini katika matumizi ya baadhi ya Warundi neno umuswahili limebeba maana ya mjanja asiyeaminika. Iwapo mfululizo utampa zimwi au tapeli Kiswahili na kumpa mwathiriwa Kirundi, utakuwa umeirudisha dhana hiyo sebuleni kwa nguvu mpya, hata kama dhamira yake iliyotangazwa ni umoja. Kadhalika, Kiswahili sanifu kisicho na lafudhi kikiwekwa kinywani mwa mkazi wa jalala kitamfanya mgeni kwao. Inafaa Kiswahili cha mtaani, chenye Kirundi na Kifaransa ndani yake, kiwe lugha ya wahusika wenye utu kamili, na usanifu utumike pale ambapo umbali wenyewe ni sehemu ya kisa: katika tangazo, barua ya ofisi, sauti ya kipaza.

6.0 Umbo, gharama na uwezekano

Pingamizi la kawaida ni la fedha. Tamthilia ya familia hutumia sebule moja kwa mwaka mzima; visa huru hudai waigizaji na mandhari mapya kila mara. Pingamizi hilo lina uzito, lakini linapuuza hali halisi ya filamu Burundi. Baada ya Gito l'ingrat ya Léonce Ngabo (1992), filamu ndefu ya kwanza ya nchi hiyo, vita vilikata njia. Kizazi kilichofuata kililelewa kwa filamu fupi, kupitia mafunzo ya Burundi Film Center yaliyoanza mwaka 2007 na tamasha la FESTICAB lililoanzishwa mwaka 2009. Mfululizo wa visa huru kimsingi ni filamu fupi zilizopewa dhamira moja na ratiba moja. Unaweza kugawanywa kwa vikundi mbalimbali, na kisa kimoja kikishindwa hakiangushi vingine.

Umbo hili lina faida ya kimaadili pia. Katika tamthilia ndefu, zimwi hupata uso wa kudumu, na uso huo hushikamana na kabila, mtaa au umri fulani. Katika visa huru kila kisa humaliza hofu yake na kuanza upya na watu wengine. Aliyekuwa mshukiwa Jumatatu anaweza kuwa shahidi Jumatatu inayofuata. Sibazuri alihitaji mamia ya sehemu ili kuwazoeza wasikilizaji kumwona jirani kama ndugu. Visa huru haviwezi kujenga mazoea ya namna hiyo, na havipaswi kudai hivyo. Vinaweza kufanya jambo dogo zaidi: kumwonyesha mtazamaji, katika nusu saa, jinsi alivyokuwa tayari kumtoa jirani yake.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba kazi tatu zilizolinganishwa zinatofautiana zaidi katika nafasi ya jirani kuliko katika kiasi cha damu. Serling alimweka jirani katikati lakini akafuta rangi ya mwathiriwa. Primeval ilimwondoa jirani kabisa. Sibazuri alimlinda jirani bila kutumia utisho. Mfululizo wa Kiswahili kuhusu Buterere ungelazimika kukusanya nguvu za wa kwanza na wa tatu na kukataa njia ya wa pili.

Kwa watunga sera, yanafuata mapendekezo matatu. Kwanza, kwa kuwa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubali Kiswahili na Kifaransa kuwa lugha rasmi za Jumuiya mwezi Februari 2021, msaada kwa tamthilia za lugha zaidi ya moja uhesabiwe kuwa sehemu ya utekelezaji wa uamuzi huo, si anasa ya wasanii. Pili, wataalamu wa lugha washirikishwe katika hatua ya kuandika, kabla ya kamera, na wapewe kazi mahususi ya kupitia maneno ya shutuma: mchawi, mrozi, mumiani, sumu. Tatu, mswada wa kila kisa usomwe kwanza na wakazi wa mahali kinapohusu, na waulizwe swali moja: baada ya kutazama hiki, ni nani hapa mtaani atakayekuwa hatarini? Jibu lao likiwa ni jina la mtu asiye na kosa, mswada urudi mezani.

Buterere haihitaji kuongezewa vitisho. Ina maji yanayopanda na taka zisizo zake. Mtunzi atakayeifikia kwa haki atakuwa na kazi ya kufuatilia hofu hizo hadi zinakotoka, na kumwacha mjane aendelee kuchota maji yake alfajiri bila kutupiwa jiwe.